Kiswahili cha Patroni

Patroni, bosi wetu wa Kizungu, alijua Kiswahili, na hilo ndilo lililotuudhi. Alijifunza mashambani kwa kuamrisha watu: leta, funga, ondoka. Zaidi ya hapo hakuwa nacho. Miaka ile ya Zaire redio ilituita sote citoyen na citoyenne, raia wa nchi moja, lakini katika ofisi yetu ya kahawa hapa Goma Wazungu waliambiwa "vous" kwa Kifaransa, yaani "ninyi" ya heshima, sisi weusi tukaambiwa "leta" kwa Kiswahili, hata tuliosoma kwa masista.

Tulikuwa wapiga chapa wawili, mimi na binti mmoja wa wafugaji wa Masisi. Mdomo wake haukuwa na kufuli. Mchana tulikula fufu na sombe, majani ya muhogo, mtaani Birere, naye akimwiga patroni mpaka napaliwa. Nilimpenda sana, sijui kusema vingine.

Siku moja patroni alimwita mhasibu wetu, mzee mwenye wajukuu, mbele ya wanunuzi wa Kizungu: "Weye, leta kiti." Mzee akaleta. Wageni walipoondoka, mwenzangu akasimama.

"Patron, tuseme wazi. Kwetu, mutu mukubwa unamuambia 'mulete', sawa vile iko watu wengi. Ile ndiyo heshima ya Kiswahili. 'Leta' iko ya mutoto, ao ya rafiki. Wazungu wenzako unawapa 'vous'. Sisi unatunyima juu tuko weusi."

Patroni akawa mwekundu hadi masikioni.

"Nilizania munapenda Kiswahili," akasema.

"Tunaipenda. Ndiyo maana inatuuma."

Kabla mwezi haujaisha mwenzangu alihamishiwa bohari ya Mugunga, kuchambua kahawa. Eti mahitaji ya kazi. Mahitaji gani, na bohari haikuwa hata na mashine ya kuandikia? Alivumilia kidogo, kisha akarudi kwao milimani. Sikumwona tena.

Na patroni? Ukweli usemwe, alijifunza. "Mama, mulete barua, tafazali." Mzee mhasibu naye akawa "papa, muikale", yaani ketini. Wageni wakamsifu kwa Kiswahili chake kizuri. Mimi nilipeleka barua huku moyo ukiniuma, kwa sababu heshima ile niliyokuwa nikipewa, aliyeilipia hakuionja.

Sasa nimezeeka. Nyumbani, sokoni, kanisani, wote wananiambia "mukuye, mama", njooni, "mukule, mama", kuleni, kana kwamba ndani yangu mna watu wengi. Ni vizuri, nimestahili. Lakini yuko mmoja, yule binti wa Masisi, ninayemtamani hadi leo, aingie bila hodi, aninyang'anye kazi mikononi, aniambie, "Kuya tukule." Hakuna tena anayeniambia "kuya".