Swali la Sado Limenikosesha

Leo nimekosa swali la darasa la tano.

Kazi ya wiki ya binti yangu Neema iliuliza: ndoo ya dagaa ya lita ishirini itajaza makopo mangapi ya sado, kila moja lita nne?

Mimi nauza dagaa soko la Mabatini mwaka wa tisa huu. Nikamwambia aandike nne, maana sado hujazwa mpaka dagaa wasimame juu kama kichuguu.

Daftari limerudi na kosa jekundu. Pembeni kumeandikwa, "Mzazi, msaidie mtoto."

Jamani, si ndiyo nilikuwa namsaidia?

Jioni nani kaja mezani kwangu? Mwalimu mwenyewe, anataka sado moja.

Neema akamwamkia, akaniwahi kopo. Akajaza, akapitisha rula juu, dagaa wakalala sawasawa.

"Neema, mbona hujarundika?" mwalimu akauliza.

"Ukitaka ya kurundika, mwalimu, kwenye ndoo zinatoka nne."

Nikageuka pembeni nisicheke.

Mwalimu akaomba daftari, akaweka tiki palepale mezani. Ndipo nikamrundikia.

Wazazi wenzangu, ninyi mngeandika ngapi? Kabla ya kujibu, kumbukeni mnavyopenda kupimiwa.