Mama Nyuzi na kikuza sauti cha Mzee Solo

Jua limeshapanda, na fundi wa viti wa gereji hii ana misumari mdomoni. Anaitoa mmoja mmoja, anaigongea kwenye fremu ya kiti cha lori huku akivuta leza, ngozi ya bandia ya kufunikia viti, mpaka ikaze. Wapita njia wanamsalimia. Misumari ikiisha ndipo anapoitikia salamu zote kwa mpigo.

Hapa gereji anaitwa Mama Nyuzi. Wateja wanadhani ni nyuzi za cherehani. Wenzake wanajua ni za gitaa: kila Jumapili alasiri, mama huyu wa watoto wawili hupiga gitaa la solo katika bendi ya ukumbi wa jirani.

Kwa miaka mingi hakuridhika.

“Gitaa langu lilikuwa linalia kama mbu,” anasema. “Vidole vinajua kazi, lakini watu wanasikia mbu.”

Alichokuwa akikitafuta ni kikuza sauti cha valvu, kisanduku cha zamani ambacho sauti ya gitaa hupitia kabla ya kufika kwenye spika. Ndani yake mna vichupa vya kioo vinavyowaka vyekundu kama makaa, na sauti hutoka nene. Siku hizi si rahisi kukipata. Vilivyobaki huwindwa na wakusanyaji wa vitu vya kale.

Yeye alikiona akiwa amepiga magoti. Alikuwa ameitwa kushona upya kochi la mpiga gitaa mstaafu, Mzee Solo, ambaye masikio yake yalishakufa na sasa husoma midomo ya watu. Kisanduku kilikuwa chini ya meza ya televisheni, kimefunikwa kitambaa, spika yake kando.

“Mzee wangu, hiki unauza?”

“Hakiuzwi.”

“Basi naomba nikisikie tu.”

“Sikia. Na mimi unisikilizie.”

Alikimbilia gitaa lake nyumbani. Alipoanza kupiga, mzee aliweka kiganja juu ya spika, akafumba macho.

“Unakwenda mbio, mwanangu,” alimwambia baadaye. “Nani anakufukuza?”

Akapunguza mwendo.

“Nikasikia ile sauti niliyokuwa naisikia kichwani tu,” anakumbuka Mama Nyuzi. “Nililia. Hilo usiandike.” Anafikiri kidogo. “Haya, andika.”

Mzee alimwambia akichukue, bure. Hapo binti yake, muuguzi anayeishi naye, akatokea mlangoni. Alikuwa ameshakubaliana na mnunuzi.

“Baba, mtu anakuja kukichukua Jumamosi!”

Mzee aligeukia dirishani. Asipoiona midomo, nani atamwambia kitu?

Mama Nyuzi aliondoka mikono mitupu. “Sikutaka kubeba ugomvi wa watu pamoja na waya za kisanduku,” anasema.

Kesho yake alirudi, akaomba kuzungumza na binti.

“Utotoni, kukigusa tu ilikuwa fimbo,” binti alimwambia. “Leo anampa fundi wa makochi kama anampa maji ya kunywa. Kwani mimi ni nani humu ndani?”

Mama Nyuzi alilitoa gitaa lake kwenye mfuko. Akamvalisha binti begani, akawasha kisanduku, akamwonyesha pa kuweka vidole.

Mzee alikuwa kwenye kiti chake, kiganja kwenye spika, macho yamefumbwa kama jana yake. Binti akapiga. Sauti ilitoka mbaya, anakiri mwenyewe. Akapiga tena.

“Huyu si fundi,” mzee alisema. Akafumbua macho, akamwona mwanawe. “Nilikunyima bure, mama,” akasema.

Binti ndiye aliyempigia simu mnunuzi asije. Ndiye pia aliyebeba kisanduku mpaka ukumbini, kwa sharti moja: afundishwe.

Tangu hapo, akitoka zamu mchana, hupitia gereji akiwa bado na sare. Wanaketi kwenye viti vya magari visivyo na magari na kurudia kipande kilekile mpaka mafundi wa injini wanalalamika. Vidole vyake vimeanza kuota sugu.

Mama Nyuzi ana mpango wake. “Apande jukwaani apige solo, mimi nipige ridhimu nyuma yake. Mzee tutamkalisha kando ya spika, na kochi lake tutalibeba.”

“Huyu anaota mchana,” anasema binti, akifuta gitaa kwa ncha ya sare.

Kisha anauliza Jumapili ukumbi hufunguliwa saa ngapi.