Ugomvi wa Natalia na Mwanakheri

Natalia wa Chanzuru siku za kazi alikuwa mkulima wa mahindi kama sisi wote, binti wa mkata mkonge, mama wa watoto watano. Siku ya ngoma alikuwa manju, mtunzi na kiongozi wa nyimbo, na watu walitoka hadi Kilangali kuja kumsikia akimchambua manju mwenzake, Mwanakheri. Alimwimba pua, akamwimba mapishi, akamwimba hata mume. Mwanakheri naye hakuwa na dogo. Kijiji kikagawanyika pande mbili, na mafundi cherehani wakanenepa kwa kushona sare.

Ukweli ni kwamba wawili hao walikuwa mashoga tangu utotoni. Walipoanza kuimba, mwaka ule baada ya Uhuru, kila mmoja aliisifu nchi na mazao yake kwa adabu, na watazamaji wakawa watoto na mbuzi. Ndipo Mwanakheri aliposema, "Shoga, tugombane." Wakagombana. Matusi waliyatunga pamoja shambani, kwa siri, na Mwanakheri ndiye aliyeleta mstari mkali kuliko yote kuhusu pua yake mwenyewe.

Mwaka 1974 ikaja amri ya kuhamia vijiji vya ujamaa. Mwenyekiti, mzee Onesphory, alisimama mkutanoni na fahari ya mtu aliyefikiri sana. Ili kulinda amani, alisema, Natalia atabaki Chanzuru, Mwanakheri atapelekwa kijiji kingine, mbali kabisa. Watu wakapiga makofi. Natalia alikuwa na mume, watoto na jina kubwa, lakini mtu wa kumwambia yaliyo moyoni alikuwa huyo mmoja tu. Akinyamaza, anampoteza; akisema, ngoma imekwisha.

Akasimama. "Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba. Sema, ndugu Natalia."

"Naomba Mwanakheri awe jirani yangu. Hatujagombana hata siku moja. Tuliwadanganya ili mje ngomani."

Mzee Rafaeli akainuka kwa hasira. "Mimi mwaka wa nne huu sisemi na shemeji yangu kwa ajili ya pua ya Mwanakheri!"

Shemeji mwenyewe alikuwa amekaa nyuma yake. Ndiye aliyeangua kicheko cha kwanza, na mkutano mzima ukamfuata. Mashoga wakapewa viwanja vya kupakana.

Saba Saba iliyofuata waliimba tena. Walikuja watu kumi na mmoja, sita kati yao ndugu zao. Nani atembee maili zote hizo kusikiliza matusi ya watu wanaopendana? Natalia aliumia, tusidanganyane. Alipenda mno kutazamwa. Lakini kesho yake asubuhi Mwanakheri alipiga hodi mlangoni kwake kwa sauti ya kusikika kijiji kizima, jambo ambalo hakuwahi kulithubutu kwa miaka kumi na miwili, na Natalia akaenda kumfungulia, mwenyewe tayari analia.