Neva Nilizozitafuta kwa Kidole

Siku yangu ya kwanza katika chumba cha upasuaji Isiolo, miaka ya sabini, Daktari wa Wilaya alikishika kidole changu akakiweka kwapani mwa mgonjwa. "Unasikia mshipa wa damu unapiga? Neva za mkono zimeuzunguka. Hatuwezi kuziona. Mgonjwa ndiye atakuonyesha."

Mimi nilikuwa mtu wa nusukaputi, kazi yangu kuwalaza wagonjwa usingizi wapasuliwe, lakini kwa upasuaji wa mikono Daktari alipenda ganzi: dawa inadungwa kando ya neva, mkono unakufa ganzi, mwenyewe anabaki macho.

Nilikuwa nimeshaizoea kazi hiyo alipoletwa Mama Halima kwa lori kutoka Sericho, mkono umeng'atwa na ngamia. Njiani alikuwa amekunywa maziwa, kwa hivyo kumlaza usingizi kulikuwa hatari. Angetapika na kupaliwa. Mwenyewe pia alikataa.

"Nikilala mtakata mkono. Nitakamua mbuzi na nini?"

Nikamweleza, "Sindano ikigusa neva, utasikia kama siafu wanakimbia mpaka vidoleni. Hapo useme."

Nikadunga. Kimya. Nikageuza sindano, nikadunga tena. Kimya tena, lakini jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo.

"Mama, kusema si kulia. Unanionyesha njia tu."

Akafumba macho. "Imefika kidole gumba. Hata ile ya kwanza ilifika."

Niliona haya. Nilikuwa nimemchoma mara ya pili bure.

Ganzi ilishika vizuri, Daktari akaanza kusafisha kidonda. Ghafla mama akapiga kelele, "Mmekata! Mkono wangu uko wapi?" Sikuwa nimemwonya kwamba hatausikia kabisa. Daktari, mtu mkali yule, aliweka vifaa chini akauinua mkono juu ya shuka.

"Huu hapa, mama. Hesabu vidole."

Akavihesabu kwa Kiborana, polepole, vyote vitano. Baadaye viwili vilibaki vigumu, lakini mkono ulipona. Tangu hapo sikumdunga mtu kabla ya kumwambia yatakayompata.

Nimestaafu zamani. Majuzi nilianguka nikavunja kifundo cha mkono. Binti mmoja wa nusukaputi akapaka mafuta baridi kwapani mwangu, akaweka kifaa cha ultrasaundi kinachoonyesha yaliyo chini ya ngozi, akageuza kioo upande wangu. Neva zangu zilikuwa pale, zimejikusanya kama sega la asali kando ya mshipa unaopiga. Miaka yote nilizitafuta gizani, sikuwahi kuziona.

Akasimamisha sindano. "Mzee, unaumia? Mbona machozi?"

"Hapana, binti yangu," nikamwambia. "Ngoja kidogo tu. Bado naangalia."