Bahari ya Nekoye Yaenda Malinya

Patroba alikuwa ameketi uani, nyuma ya studio yake ya picha mjini Kakamega, miguu imo ndani ya karai la maji ya chumvi. Alikuwa anaizoea bahari.

"Shemeji," akauliza Navalayo, dada ya marehemu mkewe, aliyeingia na kikapu cha mayai, "unajichemsha bila moto?"

"Malindi si mto Isiukhu, Navalayo. Ngozi ya mtu wa bara haiwezi kuvamiwa na chumvi ghafla."

"Basi ongeza nyanya na kitunguu."

Patroba akacheka, maana angemlaumu nani? Ulikuwa mwaka wa pili wa uhuru, na chama kimoja cha wapiga picha kilikuwa kimewaalika watu wa mikoani waende Malindi wakafunzwe kupiga picha za safari, zile za kumfanya mgeni afunge mzigo wake aje. Tangu apate mwaliko, akili ilikuwa imemtoka. Alinunua miwani ya jua ambayo ilimgeuza bundi. Alinunua kofia ya ukili iliyomshuka hadi masikioni. Alinunua na suruali fupi, lakini kwa kuwa alikuwa mzee wa kanisa, aliivaa chumbani tu, mlango ukiwa umefungwa, na bado aliomba toba baada ya kuivua.

Sharti lilikuwa moja: kila mtu aje na picha ya kwao. Asiyekuwa nayo asijisumbue.

Hapo ndipo chumvi ilipomwingia kwelikweli. Alipoyamwaga makasha yake ya picha mezani, miaka yote ya kazi yake, hakuiona Kakamega hata katika picha moja. Maharusi, watoto wa ubatizo, karani na baiskeli yake mpya, wote walikuwa wamesimama kando ya bahari. Ndivyo wateja walivyotaka, na ndivyo lilivyochorwa pazia la studio lililotundikwa nyuma yao. Nekoye, mkewe, ndiye aliyelichora kwa mkono wake juu ya kitambaa cha marekani. Kwa kuwa hakuwahi kuiona bahari, aliipaka rangi ya maji makubwa aliyoyajua, Isiukhu wakati wa masika, kahawia kama chai ya maziwa. Minazi yake ilikuwa migomba iliyonyooshwa mgongo. Kwa bahati picha zilikuwa nyeusi na nyeupe, na hakuna aliyegundua.

"Siku moja tutaenda tuone kama nilipatia," Nekoye alizoea kusema. Patroba alimwahidi mwaka ujao, na mwaka uliofuata akamwahidi tena mwaka ujao. Kisha homa ikamchukua. Kwa hiyo safari hii haikuwa ya Patroba peke yake, na kuikosa kwa ajili ya picha moja kungekuwa kumvunjia marehemu ahadi mara ya mwisho.

Jumamosi akapanda baiskeli kwenda Malinya, kwenye mapigano ya mafahali. Alikuwa ameapa kuliacha pazia nyumbani. Alipofika njia panda aligundua kwamba alikuwa amelifunga kwenye kariya, nyuma ya kiti. Bila pazia alijiona kama mhubiri aliyepanda mimbarini bila Biblia.

Uwanjani ngoma za isukuti zilikuwa zinalia, vumbi linapaa, watu wanarukaruka. Picha ilikuwa mbele yake, tayari. Naye, mpiga picha hodari wa Kakamega nzima, akafanya nini? Akapaza sauti, "Simameni wima! Msicheke!"

Ngoma zikanyamaza. Umati mzima ukajipanga mstari. Hata mafahali walisimama.

"Bahari iko wapi?" akauliza Cornelius, mwenye fahali aliyeitwa Gavana tangu enzi za wakoloni.

"Leo hakuna bahari, mzee. Nataka Malinya."

"Jamani!" Cornelius akawageukia wenzake. "Mtu ametoka mjini kuja kutuonyesha Malinya! Hii tunaionanga kila siku. Weka bahari. Gavana naye anataka kwenda pwani."

"Shemeji," Navalayo, aliyekuja kutazama mchezo, akadakia, "usiwanyime watu maji."

Patroba akalifungua pazia. Wanaume wawili wakalishika, Gavana akasimamishwa mbele. Upepo ukavuma, bahari ikampiga Gavana usoni, na Gavana akainamisha kichwa. Musa aliigawanya Bahari ya Shamu kwa fimbo. Gavana alitumia pembe. Akatimka uwanjani, mawimbi yamemfunika kichwa, minazi inaburuzwa, Cornelius nyuma yake akimwita kwa majina yote ya ukoo wake. Watu wakaanguka kwa kicheko.

"Usimuumize!" Patroba akapiga kelele huku akikimbia, na hata yeye hakujua alimaanisha nani. Katikati ya kelele hiyo kidole chake kikabonyeza kamera.

Pazia lilipopatikana lilikuwa limepasuka toka juu hata chini, na mzee wa kanisa hakuhitaji kukumbushwa alisoma wapi habari kama hiyo. Akaketi kwenye nyasi, akalikumbatia, akalia. Hakuwa amelia siku ya mazishi. Siku ile alikuwa kazini, akiwapanga waombolezaji kwa urefu.

"Nisamehe," akasema Cornelius, kofia mkononi. "Gavana hana adabu."

"Mwache," akajibu Patroba, akijifuta kamasi. "Nilimwambia asicheke, akatii."

Aliposafisha picha ile, hakukuwa na mtu hata mmoja aliyesimama wima. Gavana alikuwa ukungu mtupu mwenye bahari kwenye pembe zake, nyuma yake vilima vya Malinya na vinywa vilivyo wazi, na pembeni Navalayo amekaa chini, ameshika mbavu.

Navalayo akaitazama kwa muda mrefu. "Hapa ni kwetu," akasema. Kisha akatafuta sindano ya magunia, akalishona pazia.

Patroba akaitoa suruali fupi sandukuni, na pale ilipokuwa akaliweka pazia, picha juu yake. Angelitandaza ufukweni, alinganishe. Na kama rangi hazitafanana, alikwisha kuamua, bahari ndiyo itakayokuwa imekosea.