Kipande cha Ndugu Yangu

Ardhi yetu iko Ikutha, kando ya njia ya kwenda kanisani. Baba alipoona nguvu zinamwishia aliigawa mara mbili: kipande cha juu chenye mawe akamwachia mama, na kile cha chini, karibu na mto wa mchanga, akampa ndugu yangu. Mimi sikutajwa, wala sikushangaa. Kwetu binti hutarajiwa kulima kwa mumewe, na wakati huo nilikuwa nimeolewa kule Kabati. Ndoa ilipovunjika nikarudi na mtoto mmoja na masanduku mawili. Mama alinipokea bila kuniuliza swali hata moja. Nikawa mlimaji wa vipande viwili, na hakuna hata kimoja kilichokuwa changu.

Ndugu yangu alikuwa ameshaondoka. Alianza na vibarua kule Kiboko, akateremka Mombasa, kisha simu yake ikawa haipatikani. Baba alipofariki tulimtafuta kwa kila mtu tuliyedhani anamjua, tukamkosa. Tulimzika mzee bila mwanawe wa pekee wa kiume kutia hata koleo moja la udongo. Wengine walisema ujana ni moshi, atarudi. Mimi nilisema akirudi atanikuta, na sikusema hivyo kwa wema.

Mama alikuwa na sheria moja. Mvua za Novemba zikikaribia, kipande cha ndugu yangu lazima kilimwe na kupandwa ndengu, kama kwamba mwenyewe angefika kesho yake. Aliamini kwamba shamba la mtu likigeuka msitu, watu huanza kumtaja kama marehemu, na hakutaka mwanawe atajwe hivyo. Mavuno yake aliyatia majivu, akayafunika kwenye debe, na hakuna aliyeyagusa. Miaka mitano nililima kipande kile. Nililima nimenuna, lakini nililima.

Halafu macho ya mama yakaingia ukungu. Tuliambiwa ni mtoto wa jicho, hutolewa, lakini yeye akaogopa kisu. Kufikia msimu wa sita hakuona mbali zaidi ya mlango wa jikoni. Mwaka huo nilipanda kule juu bila mama mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Nikatazama kule chini, penye udongo mzuri, nikasema moyoni: mwenye shamba na aje alime. Jioni mama akaniuliza kama nimemaliza kwa ndugu yangu. Nikamwambia nimemaliza.

Uongo una kazi nyingi kuliko jembe. Kila wiki mama alitaka habari za shamba lile. Nikamsimulia ndengu zilivyochipua, zilivyotoa maua, hata nikatia na wadudu kidogo ili habari isikike kweli. Wakati wa kuvuna nilichota debe moja kutoka gunia nililopata kule juu, nikampelekea. Aliingiza mikono yote miwili akazipapasa, akamshukuru Mungu kwa sauti. Mwaka uliofuata nikafanya vilevile. Kule chini migunga midogo ilikuwa imeshafika kiunoni, na mbuzi wa majirani waliingia na kutoka wapendavyo.

Na miaka hiyo yote nilikuwa mwalimu wa Sunday school. Ukitaka kucheka, cheka. Niliwafundisha watoto mifano ya kondoo aliyepotea, sarafu iliyopotea na mwana mpotevu. Ule wa kondoo ulitupa shida kila mwaka, kwa sababu darasa zima lilikuwa la watoto wa wafugaji. Waliniambia bila haya kwamba mtu anayeacha tisini na tisa porini kumfuata mmoja hajui fisi. Mimi nilitetea huruma ya Mungu kwa maneno mengi, nikarudi nyumbani kupita karibu na migunga ile bila kugeuza shingo.

Jumapili ya shukrani ya mavuno tulikuwa tumefika kwenye mwana mpotevu. Niliusimulia vizuri, nguruwe na maganda, baba kukimbia barabarani, ndama kuchinjwa. Nilipofika kwa yule kaka mkubwa aliyekasirika nje nilienda mbio, kama kawaida yangu. Msichana mmoja akauliza kama huyo kaka mwishowe aliingia ndani. Nikamjibu haijaandikwa. Akaniuliza, "Hata wewe, mwalimu, hujui?" Nikawaambia tuimbe.

Katika ibada ya wakubwa, watu walipoitwa kuleta malimbuko, mama alisimama. Sikuwa nimejua. Alikuwa amemwomba binti yangu amshike mkono, na kwenye kiondo chake kulikuwa na ndengu za lile debe, zimepepetwa majivu mpaka zinang'aa. Alisimama mbele akatoa ushuhuda kwa Kikamba. Alisema mwanawe hayupo, lakini Mungu hajalisahau shamba lake. Kwamba miaka miwili ya mvua haba limezaa. Kwamba shamba linalozaa lina mwenyewe, na mwenyewe atarudi.

Njia ya kanisani inapita pembeni kabisa mwa shamba lile. Hapakuwa na mtu mzima kanisani ambaye hakuwa ameiona migunga asubuhi ileile. Nilikaa nikingoja kikohozi, mnong'ono, kicheko cha mmoja tu. Hakuna aliyegeuka kunitazama. Mzee wa kanisa akasema amina, na kanisa zima likaitikia amina, na kiondo kikapokelewa kwa mikono miwili. Afadhali wangenizomea.

Nje, jirani yetu mmoja akanifuata. Ni mwanamke mwenye mdomo, na siri kwake hailali. Tuko naye katika mwethya, kikundi chetu cha wanawake cha kulimiana mashamba kwa zamu, na kwa miaka yote hiyo sikuwahi kuwaita kwenye kipande cha chini, maana kuomba msaada ningeona ni kumlimia yule mpotevu kwa jasho la kijiji. Nilijua sasa nitakiona cha mtema kuni. Alinishika mkono, akasema kwa sauti ya chini, "Mvua ingine, utuite." Akaenda zake.

Nilimwambia mama alasiri hiyohiyo, kabla sijapata muda wa kuwa mwoga tena. Alikuwa jikoni anachambua kunde kwa vidole. Nilimweleza yote, hata wadudu. Vidole vikasimama. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake; nilichokiogopa ni kwamba ataniuliza kama basi mwanawe amekufa.

"Hizo ndengu nimepeleka mbele ya Mungu," akauliza mwishowe, "zilitoka wapi?"

Nikamwambia zilitoka kwenye gunia langu.

"Kwa hivyo ulikuwa unamtolea ndugu yako."

Nikasema hapana, nilikuwa nakudanganya wewe. Mama akasema Mungu atachagua mwenyewe jambo hilo aliite nini. Kisha akaomba fimbo yake, akaniambia nimpeleke.

Tuliteremka polepole, mimi nimemshika kiwiko. Aliingia kwenye kile kichaka kabla sijamzuia. Akanyoosha mkono, akaushika mgunga mmoja, akachomwa, akaupapasa tena kutoka juu hadi chini kama anampima mtoto urefu. Alilia. Nami nilisimama nyuma yake nikitamani ardhi inimeze, nikajua kwamba hakuna alichowahi kunikosea mwanamke huyu isipokuwa kumpenda na mwingine. Nikapiga magoti nikamwambia nisamehe, mwaitu, mama yangu.

Alinitafuta kwa mkono mpaka akapata kichwa changu.

"Nilikusamehe kule jikoni," alisema. "Hapa nimekuja na kosa yangu. Shamba ya huyu hayuko nimeuliza kila wiki. Wewe uko hapa, unalima, na sijawahi kuuliza wewe unalima ya nani." Akanipapasa kichwa. "Ile ya juu ni yako. Ni yako tangu siku ulirudi na masanduku. Nilifikiri unajua."

Sikuwa najua. Miaka saba nililima ile ardhi ya mawe kama kibarua nikimwonea wivu mtu asiye na hata simu, na ilikuwa yangu, na hakuna aliyenificha. Nilikaa chini palepale kwenye miiba nikalia, na mama akasimama kando yangu ameegemea fimbo, akingoja nimalize.