Siku Tuliyofunga Milango ya Ukumbi

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika kwenye lango la nyuma la hoteli, kule Diani, kabla mlinzi wa zamu ya asubuhi hajaingia. Nilikuwa nimetoka Msambweni alfajiri, nimevaa shati langu la Idi, kwa kuwa nilidhani kazi ya hoteli ni kazi ya kuonekana na watu. Mlinzi alipofika alinitazama juu hadi chini, akanielekeza kwa Fundi Mkuu.

Fundi Mkuu hakuuliza habari za nyumbani. Alinipeleka stoo, akafunua turubai, akanionyesha mashine ambayo sikuwahi kuona mfano wake. Ilikuwa na injini ndogo kama ya pikipiki, imekaa juu ya sahani pana inayozunguka, na mgongoni imebeba mtungi wa gesi.

"Unajua kusoma?" akauliza.

"Najua."

"Soma hapo kwa mtungi."

Nikasoma: propani.

"Hii gesi si ya kupika chai," alisema. Alikuwa mtu wa bara, na Kiswahili chake kilikuwa kifupi kama amri. "Leo hushiki kitu. Leo unaangalia tu."

Nikaangalia, si siku moja, bali wiki mbili nzima. Ninyi mnaoingia kazi hii sasa mnakuta mashine za betri, na pengine mtashangaa kwa nini tulihangaika na gesi. Sababu ilikuwa sakafu yenyewe. Hoteli ile ilikuwa na veranda ndefu na kumbi pana za terazo, yaani sakafu ya saruji iliyochanganywa na vipande vya mawe kisha ikasuguliwa hadi ikawa laini. Mashine ya umeme ilikuwa na waya wa kukwaza wageni, na umeme wa pwani ulikuwa ukikatika unavyotaka. Mashine ya gesi ilikwenda popote, na ilizungusha padi yake, lile duara la kusugulia, kwa kasi ambayo sakafu ilitoka kama kioo.

Fundi Mkuu alinifundisha kuanzia kwenye mtungi. Mitungi ilikaa nje, imesimama wima ndani ya kizimba cha waya, mbali na milango na mifereji. Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi, hutambaa chini na kujikusanya kwenye mashimo, ikingoja cheche. Hewa ya bahari hula chuma, kwa hiyo kila asubuhi tulipitisha kidole kwenye shingo ya mtungi kutafuta kutu. Mtungi ulifungwa kwenye mashine huko huko nje. Koki ilifunguliwa polepole. Kisha tulipaka povu la sabuni kwenye mpira wa gesi na kwenye regyuleta, kile kifaa cha kupunguza nguvu ya gesi kabla haijaingia kwenye injini. Povu likitoa mapovu mapya, mashine haiingii ndani siku hiyo. Kazi ikiisha, tulifunga koki kwanza na kuiacha injini imalize gesi iliyobaki kwenye mpira mpaka izime yenyewe.

"Moto unauogopa?" Fundi Mkuu aliniuliza siku moja.

"Nauogopa."

"Vizuri. Lakini moto utauona. Ogopa ile yenye huoni."

Alikuwa akisema juu ya moshi. Injini ya propani ikiwa na afya moshi wake ni mdogo. Ila chujio la hewa likiziba, lile mafundi wanaloliita eyaklina, injini hukosa hewa ya kutosha, gesi haiungui ikaisha, na moshi hubeba sumu isiyo na rangi wala harufu. Ukiivuta, inachukua nafasi ya hewa safi ndani ya damu. Hukohoi. Unaumwa kichwa, unalegea, unalala. Ndiyo maana kila mwezi tulipima moshi kwa kifaa kidogo cha mkononi, na ndiyo maana hatukufanya kazi chumbani bila milango kuwa wazi pande mbili.

Kwa miaka mingi nilifuata hayo bila kuteleza. Nilihamishwa nikapelekwa Ukunda, duka kubwa lililokuwa la mwenye hoteli, nikang'arisha sakafu iliyokuwa ikipokea mchanga wa barabara mchana kutwa. Huko niliwafundisha watu watano. Niliporudi Diani, Fundi Mkuu alikuwa ameshastaafu na kurudi kwao, na nafasi yake haikujazwa. Mashine, vipuri na mitungi viliwekwa chini yangu. Juu yangu alikuwapo Meneja wa Shughuli, mtu wa maneno laini ambaye hakuwahi kuingia stoo.

Hapo ndipo nilipopewa Mwanasha kuwa mwenzangu. Alikuwa mke wa seremala mmoja wa huko kwetu, aitwaye Rashidi, na mama wa watoto wawili. Kazi yake ilikuwa kupita mbele yangu akizoa vumbi, kisha kupiga deki kwenye pembe ambazo mashine haifiki. Lakini jicho lake lilikuwa kwenye mashine. Aliniita ami, kama amwitavyo mtu baba yake mdogo, na hakuchoka kuuliza.

"Ami, kwa nini huisimamishi pahali pamoja?"

"Padi itaunguza sakafu."

"Na hapa kwenye mpira, hili povu limepumua au macho yangu?"

Nikainama, nikakuta kweli, tundu dogo kama la sindano. Tangu siku hiyo nikaanza kumfundisha. Katika watu wote niliowafundisha, ni yeye peke yake aliyesikiliza injini kabla ya kuigusa. Nilikwisha kumwambia msimamizi wa usafi kwamba nikiondoka, mashine apewe Mwanasha.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa Ramadhani, na masika yalikuwa yameanza. Asubuhi ile tulitakiwa kung'arisha ukumbi wa mikutano, wageni wangeingia saa nane mchana. Upepo ulikuwa ukisukuma mvua hadi ndani. Meneja wa Shughuli alikuja akasimama mlangoni na mwavuli wake.

"Mzee Bakari, fungeni hiyo milango. Viti vya kitambaa vitalowa. Na kelele inawafikia wageni wanaokunywa chai."

"Bosi, mashine hii yataka hewa."

"Ni saa moja tu. Ukumbi wenyewe mkubwa."

Ningeweza kuzima mashine na kungoja mvua ikatike. Ningeweza kusema hapana, na nadhani angenuna tu. Lakini nilikwenda nikafunga milango kwa mikono yangu mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, na madirisha pia. Kuna jambo jingine ambalo sikulisema wakati ule. Eyaklina ilikuwa kuukuu. Nilikuwa nikiipuliza kwa upepo na kuirudisha badala ya kudai mpya. Na kile kifaa cha kupimia moshi kilikuwa kimekufa betri, nami miezi miwili nilikuwa nikipita mbele yake nikisema nitanunua kesho.

Tulifanya kazi kama nusu saa. Kisha Mwanasha akaja akanigusa bega, kwa sababu ya kelele.

"Ami, kichwa chanigonga."

"Ni saumu hiyo. Daku ulikula?"

"Nilikula."

"Basi kaa kidogo. Nimalize hii."

Akaenda akaketi kwenye ngazi ya jukwaa, pembeni, ameegemea ukuta. Mimi pia kichwa kilikuwa kizito, lakini nami nilikuwa nimefunga, na nikajipa jawabu lile lile. Nilibakiza theluthi ya ukumbi. Nikaendelea. Nilipofika karibu na madirisha magoti yalianza kulegea, na mistari ya sakafu ikawa miwili miwili. Hapo ndipo sauti ya Fundi Mkuu iliponijia. Nikazima injini, nikamwita Mwanasha. Hakujibu. Nikamkuta amelala ubavu, dasta bado iko mkononi.

Nilifungua mlango kwa bega. Nikamburuta hadi veranda, mvua ikatunyeshea sote wawili, nikatapika hapo hapo. Alikuwa akipumua. Meneja alileta gari, tukampeleka zahanati iliyokuwa karibu.

Daktari alikuwa kijana, na aliuliza swali lililokuwa swali hasa.

"Alikuwa karibu na jiko la makaa, au injini yoyote ndani ya nyumba?"

"Hapana," Meneja alisema. "Amefunga tu, daktari, na kazi yao ni ya kusimama."

Daktari akanigeukia. "Wewe ulikuwa naye. Kuna la zaidi?"

Nimeishi na swali hilo kuliko nilivyoishi na mtu yeyote. Nilijua anachohitaji ni hewa ya mtungi, ile wanayovutishwa wagonjwa, na aipate mapema. Nilijua pia nani aliyefunga milango, nani aliyepuliza eyaklina, nani aliyeacha betri ife. Nilikuwa nimebakiza miaka miwili nistaafu.

"Alilalamika kichwa," nikasema.

Ulikuwa ukweli, na nyuma yake nikajificha. Daktari alimtundikia dripu, akamwambia afungue saumu na apumzike. Ripoti ya hoteli iliandikwa kwamba alizimia kwa njaa ya mfungo. Niliisoma, nikatia sahihi.

Baada ya siku nne Mwanasha alirudi kazini akicheka, akiwaambia wenzake kwamba ami yake amemlowesha mvua bure. Nilishukuru Mungu, nikadhani yamekwisha. Nikanunua eyaklina mpya na betri kwa mfuko wangu. Lakini ilipofika wiki ya tatu alianza kuuliza njia ya kwenda dobi, mahali alipokuwa akipita kila siku. Aliacha ndoo katikati ya veranda akaenda zake. Siku moja alisimama mbele ya mashine, akaitazama sana, akaniuliza inafanya nini. Mwisho wa mwezi uliofuata Rashidi alikuja kumchukua, na hakurudi tena. Sumu ile huweza kumwachia mtu kwa wiki kadhaa kisha ikarudi kuula ubongo, na hilo nilikuja kulijua nimechelewa.

Miaka miwili ilipotimia nilistaafu kwa sherehe. Walinipa saa ya ukutani na keki. Meneja wa Shughuli alisimama akasema kwamba kwa muda wote niliofanya kazi na gesi, Mzee Bakari hajapata ajali hata moja. Watu wakapiga makofi. Nami nikasimama, nikashukuru, nikala keki.

Ilinichukua mwezi mzima kufika nyumbani kwa Rashidi, ingawa si mbali na kwangu. Nilimkuta uani anapiga randa mlango. Nilimweleza yote, nikiwa nimesimama, kwa sababu hakuniambia niketi. Nilipomaliza, akauliza.

"Daktari alikuuliza?"

"Aliniuliza."

"Nawe ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

Akaiweka randa chini. "Sisi tulidhani ana jini, Mzee Bakari. Mama yangu alileta mganga. Tulimfukiza ubani na majani, siku saba, chumbani, milango imefungwa. Alikuwa akilia atolewe. Tukasema ni jini linalolia."



Niliomba nimwambie Mwanasha mwenyewe, akaniruhusu. Alikuwa barazani akichambua kunde. Aliponisikiliza hadi mwisho alilia, akasema, "Mbona hukusema, ami?" Kisha akasema amenisamehe. Nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi kidogo. Juma lililofuata nilipokwenda, hakunijua. Nikamweleza tena. Akalia tena, vile vile, kama habari imemfikia sasa hivi. Rashidi alinisindikiza hadi njiani.

"Njoo ukitaka," alisema, "lakini lile usimwambie tena. Wewe unaondoka. Mimi ndiye ninayebaki naye, analia asijue analilia nini."

Nimeandika maelezo mapya ya siku ile, nikataja mlango, eyaklina, betri na jibu langu kwa daktari, nikatia sahihi, nikampa Rashidi ayapeleke anakotaka. Yako ndani ya mkoba wake wa vifaa. Hajayapeleka.

Vijana wa kazi, niliombwa niwaandikie namna tulivyofanya kazi zamani, nami nimewaandikia. Mitungi ikae nje. Koki ifungwe kwanza. Mwenzako akisema kichwa chamuuma, zima injini kabla hujamjibu. Na anayekuuliza ili atibu mtu, mwambie yote, hata yakikugharimu kazi. Sidai kwamba nina haki ya kuwausia. Najua tu ninayoyajua.

Kwa Mwanasha naenda kila baada ya swala ya Ijumaa. Hunipa shikamoo kwa adabu kama mgeni, nami huitikia marahaba. Huniuliza jina, kisha huniuliza nilikuwa nikifanya kazi gani.

"Nilikuwa nikisafisha sakafu, hoteli moja huko Diani."

"Hata mimi nilipata kufanya kazi hotelini," husema, na uso wake hufurahi. "Lakini sikumbuki kwa nini niliacha. Wewe wajua?"

Uani Rashidi husimamisha randa, akasikiliza. Nami humjibu kwamba sijui.